Siku Tatu Nilizowapikia Majirani

Mwalimu alinikuta nachambua mchicha. Ilikuwa saa tano asubuhi, saa ambayo banda langu la chakula pale Tandika hutulia kidogo: wa chai wameshaondoka, wa wali bado hawajafika. Mwalimu alikuwa amestaafu miaka kadhaa iliyopita, lakini mtaani kwetu hana jina jingine zaidi ya hilo. Alinifundisha hesabu darasa la tano, na mpaka leo nikimwona anakuja najikuta nimenyoosha mgongo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Iache kwanza hiyo mboga, nina kazi yako."

Nikamfutia benchi, akakaa, akanieleza. Kile kikundi chake cha wananchi, ambacho sie tulikijua kwa kupanda miche kando ya mto na kusumbua watu wanaotupa taka mtaroni, kilikuwa na wenzake Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Hawakuwa viongozi wala wakubwa wa ofisini. Walikuwa wakulima, wavuvi, walimu, mafundi cherehani, watu wa kujitafutia kama mie, ambao hukutana mara moja moja, leo nchi hii kesho nchi ile, kuzungumza namna ya kujiendeleza bila kumaliza misitu na maji tunayoyategemea wote. Safari hii zamu ilikuwa yetu. Mkutano ungekaa siku tatu kwenye ukumbi wa shule moja hapa hapa Temeke, watu kama sitini, na walikuwa wanatafuta mpishi.

"Sitini nawaweza," nikasema kabla hajamaliza. Kichwani nilishaanza kupanga sufuria.

"Najua unawaweza. Ila kuna masharti."

Masharti yenyewe yalikuwa haya: hakuna maji ya chupa za plastiki, hakuna sahani za kutupa, na hakuna mkaa. Mkaa wa miti usionekane hata kipande.

"Sasa Mwalimu nitapikia nini? Niinjike sufuria juani?"

Akacheka mpaka miwani ikashuka puani. "Upo mkaa wa vifuu vya nazi. Kuna mzee mmoja Kigamboni anautengeneza mwenyewe. Atatuletea."

Nikakubali. Sikuwa nimewahi kuutumia mkaa wa vifuu, lakini mie nimekulia jikoni. Bibi yangu aliuza vitumbua, mama yangu aliuza wali, na nilijiona hakuna moto wa dunia hii utakaonishinda.

Mzee wa Kigamboni alifika jioni ya kuamkia mkutano. Alikuwa amevuka na pantoni, magunia yake yamepangwa kwenye bajaji ya mizigo na kufunikwa turubai. Alikuwa mwembamba, shati limepigwa pasi sawasawa, kofia safi kichwani. Wakati tunashusha mizigo alinisimulia habari zake bila kuulizwa, kama wafanyavyo watu wanaoishi peke yao. Alifanya kazi bandarini mpaka alipostaafu. Mkewe alipofariki, nyumba ikawa kimya mno, akaanza kutafuta kitu cha kushika. Akawa anapita kwa wakuna nazi sokoni anaokota vifuu walivyotupa, anavichoma kwenye pipa, anavisaga, anachanganya na uji wa muhogo, kisha anashindilia kwa mashine ya mkono, kidonge kimoja kimoja. Alitoa kimoja, cha mviringo chenye tundu katikati, akaniwekea kiganjani taratibu kama mtu anayekukabidhi kifaranga.

"Huu hautoi moshi, binti yangu. Kesho utaniambia."

Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwenye ua wa shule pamoja na mdogo wangu wa kike, ambaye ndiye mwenzangu bandani siku zote. Masika yalikuwa yamekolea. Mvua ilinyesha tangu tulipolala, na magunia tuliyoyaegemeza ukutani chini ya upenu yalikuwa yamenyonya maji kwa chini. Tulipanga vidonge jikoni, tukawasha, tukapepea. Havikuwaka, vilifuka tu. Ule moshi ambao mzee aliapa haupo ulipanda, ukazunguka ua mzima, ukaingia machoni na kwenye mitandio yetu.

Chai ilitakiwa saa mbili kamili. Saa moja na nusu maji hayajapata hata uvuguvugu wa kumwogeshea mtoto, na wageni wameanza kushuka kwenye basi dogo lililowaleta kutoka hosteli waliyofikia Kipawa.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza, "nikimbie kwa jirani?"

Hakusema kufuata nini, wala mie sikuuliza. Nikatazama mlango wa ukumbi, nikatazama sufuria.

"Kimbia. Na ufunike na kanga."

Akarudi na ndoo ya mkaa wa miti, mkavu, mweusi, ameufunika na kanga na kuushika kwa mikono miwili kama amebeba trei ya mayai. Tukautia chini ya jiko. Juu yake tukapanga vidonge vya mzee, vizuri, vikionekana. Dakika chache baadaye maji yakatokota na tangawizi ikanukia mpaka getini.

Wageni walikunywa chai ile wakaisifu. Nilidhani yameisha. Kumbe mwenyekiti wa mkutano, mtu mwenye sauti nene na furaha nyingi, alikuwa amepanga kuwaleta uani kundi kwa kundi waone jiko.

"Mnaona wenyewe," akawaambia. "Chai ya watu sitini, na hakuna mti hata mmoja uliokatwa."

Simu zikatoka mifukoni. Walilipiga picha jiko, walinipiga picha mie na mwiko wangu, wakampiga picha mzee wa Kigamboni, aliyesimama kando amefunga mikono nyuma, uso umeng'aa kama baba wa bi harusi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na jiko langu.

Nilikuwa nakaanga vitunguu vya mchana, bado nimenuna, niliposikia hodi. Aliyepiga hodi alikuwa mama mmoja wa makamo, mnene wa haiba, kitambaa cha njano kichwani. Alikuwa mgeni kutoka Kisumu. Hakungoja karibu. Alisogea mpaka jikoni, akainua pua kidogo, akafumba macho, akavuta hewa.

"Dada," akasema, "mimi nachoma samaki tangu nikiwa msichana. Moshi naijua kama sauti ya watoto wangu. Hiyo ni makaa ya mti."

Mdogo wangu akaangusha kijiko. Mie nikaacha kugeuza, vitunguu vikaanza kuungua.

"Geuza vitunguu kwanza," akasema, "halafu uniambie."

Nikamwambia yote, mvua, magunia, ndoo, kanga. Alicheka, lakini hakucheka kwa kunidharau. Alicheka kama mtu anayekumbuka mambo yake mwenyewe. Akaniambia kwao waliwahi kuletewa majiko mapya ya kuchomea samaki, mazuri kwa macho, na wao wanawake wakayageuza makabati ya kuwekea sahani, na kila mgeni akija wanayatoa, wanayapanguza, wanapiga nayo picha.

"Unafikiri ni wewe wa kwanza kudanganya mkutano?" akaniuliza. "Wacha nikuonyeshe kitu."

Akavua viatu vya mkutano, akajifunga kanga ya mdogo wangu kiunoni. Jua lilikuwa limetoka. Akatuagiza tumwage vidonge vyote kwenye mabati na kuvigeuza kila mara kama mtu anayeanika dagaa. Baada ya chakula cha mchana, kikao kikiendelea ndani bila yeye, alirudi na kuchukua vile vilivyokauka vizuri. Alivipanga kwa nafasi, kimoja hapa kimoja pale, akaacha tundu katikati, kisha akaweka makumbi makavu ya nazi juu badala ya chini, akawasha kutokea juu.

"Wewe uliinyima pumzi," akasema. "Na ukaipepea kama una vita nayo. Washa, kisha uende ukafanye kazi nyingine."

Tukaenda kuchambua mchele. Tuliporudi moto ulikuwa mwekundu, umetulia, na hewa juu yake safi kabisa. Niliweka kiganja juu ya jiko nikaona joto lile zito, la sawasawa. Nikamkumbatia yule mama na mikono yangu ya vitunguu.

"Mzuri," akasema. "Sasa kesho utapika nayo kweli. Lakini ya leo pia itabidi useme."

"Nimwambie nani?"

"Wenyewe," akaelekeza kidevu ukumbini.

Sikuwa na nia hiyo hata kidogo. Siku ya pili chai iliiva kwa mkaa wa vifuu mtupu, kabla ya saa mbili, na maharage ya mchana nikayainjika mapema. Nikajisemea kwamba deni langu na ukweli limelipwa kimyakimya, na hakuna haja ya kumsumbua mtu.

Asubuhi hiyo mada ilikuwa nishati safi ya kupikia. Dirisha la ukumbi lilitazamana na jiko letu, kwa hiyo tulisikia kila neno. Ukutani walikuwa wamemulika picha ya sufuria na mishale mingi inayopanda na kushuka. Swali lililowasumbua lilikuwa hili: kwa nini watu wanapewa majiko mazuri na mkaa mbadala, kisha wanarudi kwenye mkaa wa miti? Mmoja akasema ni mazoea. Mwingine akasema ni mwamko mdogo. Wa tatu, kijana mtanashati mwenye tai, akasema akina mama wanahitaji kuelimishwa zaidi.

"Anielimishe na maharage haya hapa," nikamwambia mdogo wangu, naye akaziba mdomo asicheke kwa sauti.

Hapo nikasikia sauti ya mama wa Kisumu. "Bwana mwenyekiti, tunaulizana wenyewe hapa na jibu liko kwa dirisha. Mtu ametupikia tangu jana. Mwite huyo dada atuambie."

Ukumbi mzima ukageuka dirishani. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, aproni ina madoa ya nyanya. Nilijaribu kuinama nijifiche nyuma ya sufuria, lakini Mwalimu alikuwa ameshafika mlangoni.

"Njoo, mwanangu."

Kwa sauti ile huwezi kubisha. Niliingia vilevile nilivyo. Mtu akanipa maiki nikaishika kwa mkono mmoja, mwiko kwa mwingine, na kwa muda nikawa sijui niongelee kipi. Mbele yangu kulikuwa na nyuso za nchi tano. Kwenye safu ya pili alikaa mzee wa Kigamboni, amenitolea tabasamu la kunitia moyo.

Nikasema. "Shikamooni wakubwa zangu. Mie ni mpishi. Chai mliyokunywa jana mkaisifu haikuchemka kwa mkaa wa vifuu. Niliweka mkaa wa miti chini, nikapanga wa vifuu juu ili mpige picha."

Kicheko kikaanzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mwenyekiti mwenyewe alifuta machozi. Nikapata ujasiri. Nikawaambia kwamba wateja wangu ni madereva wa bodaboda na wabeba mizigo, wanafika saa kumi na mbili na nusu, na chai ikichelewa wanahamia banda la pili na hawarudi wiki nzima. Nikawaambia mie sichukii miti. Nakumbuka nilipokuwa mdogo tulikuwa tunakwenda kuokota kuni kwenye vichaka ambavyo leo vimejaa nyumba, na mkaa ninaonunua sasa unatoka mbali hata sijui wapi. Lakini asubuhi ile nilikuwa na mambo mawili, kulinda msitu nisiouona au kuwapa chai watu ninaowaona. Nikachagua.

"Kwa hiyo siyo mwamko," nikamalizia. "Mie nimeamka tangu saa kumi alfajiri."

Wakapiga makofi, wengine wakapiga meza. Nilikuwa nimeanza kufurahi nilipoona kiti cha safu ya pili kiko wazi.

Nilimkuta mzee nyuma ya madarasa, karibu na tangi la maji, amesimama anatazama ukuta. Nikaweka mwiko chini.

"Baba, nisamehe."

Hakugeuka. "Jana nilimpigia simu binti yangu, anaishi Kibamba. Nikamwambia wageni wa nchi tano wamekunywa chai ya mkaa wa baba yako. Akawaambia wanangu wote."

Ilikuwa bora angenigombeza.

"Ya leo ni kweli," nikasema mwisho. "Chai ya leo yote ni mkaa wako. Na maharage yako motoni sasa hivi. Njoo uone mwenyewe."

Alisita, kisha akanifuata. Pale jikoni alivua kofia, akachutama pole pole akiwa ameshika goti, akachungulia chini ya sufuria. Alikaa vile muda mrefu. Moto ulikuwa umevaa majivu mepesi, ndani yake mwekundu, na maharage yanatokota polepole bila kumwagika.

"Mbona hukuniambia jana?" akauliza, bado amechutama.

"Niliona haya, baba. Ulinikabidhi kwa upendo mno."

"Nisingekasirika. Ningekuuliza tu umelaza wapi magunia." Akashika jiko asimame, nikamwinua. "Mie mwenyewe, mkaa wa kwanza kabisa niliochoma uliwasha moto kofia yangu na haukuchemsha hata yai."

Tukacheka wote wawili, na mdogo wangu akatucheka sie. Baadaye mzee alirudi ukumbini akaomba nafasi ya kusema. Alisema maneno machache tu: kwamba mpishi amesema kweli, kwamba mkaa wake ukilowana hauwaki na yeye hakuwahi kumwambia mtu, na kwamba kama wageni wanataka kujua unavyofanya kazi basi wasimsikilize yeye wala picha ya ukutani, waje uani kesho waupime.

Kwa hiyo siku ya tatu hakuna aliyekaa kwenye kiti. Ratiba ilikuwa imejaa hotuba, lakini mwenyekiti aliikunja akaitia mfukoni. Tuliweka majiko mawili sawasawa, moja la mkaa wa miti, moja la vifuu, na sufuria mbili za maharage yaliyolowekwa pamoja. Bwana mmoja wa Rwanda, mtu mpole wa kusema kwa utaratibu, akajitwika kazi ya kushika saa. Kila robo saa alitangaza kama mtangazaji wa mpira.

Jiko la mkaa wa miti lilitangulia mbali. Maji yake yalitokota wakati ya mzee yanaanza tu kutoa povu, na waliokuwa upande wa mkaa wa miti wakaanza kuimba. Mzee alitembea huku na huku, hawezi kukaa. Lakini ilipopita saa moja na ushee, mkaa wa miti ulikuwa majivu na nikalazimika kuongeza, kisha nikaongeza tena. Wa vifuu haukuguswa. Ulikaa vilevile mpaka maharage yakaiva, laini, unayabonyeza kwa vidole viwili. Sufuria ya mkaa wa miti iliwahi kuiva kidogo tu, baada ya kula mkaa mara tatu. Watu wa Burundi ndio walioshangilia kwa nguvu zaidi, wakambeba mzee juu juu, naye anapiga kelele wamshushe, kofia isidondoke.

Mwenyekiti akaniuliza mbele ya wote kama sasa nimeridhika.

"Kwa maharage nimeridhika," nikasema. "Makande, pilau, supu, hapa mmenipata. Chapati hapana."

"Hapana?"

"Chapati inataka moto unaoupandisha na kuushusha. Huu ukishashika haukusikilizi. Na saa kumi na mbili asubuhi, mvua ikinyesha, mie bado nitahitaji kitu kinachowaka haraka."

Nilidhani nimewaharibia sherehe. Lakini mzee alitoa daftari dogo akaandika, akiyatamka maneno: chapati, hapana, moto haushuki. Mama wa Kisumu akasema hata kwao jiko jipya lingekuwa zuri kama lingekuwa na mlango mpana, samaki wakubwa hawapiti, na hakuna aliyewahi kuwauliza. Mwanamke mmoja wa Uganda akaeleza yale ya kwao. Ikawa kila mtu ana jiko lake la kulalamikia, na mchana wote tulikula maharage ya sufuria zote mbili, tukiwa tumesimama, tunaongea kwa Kiswahili cha kila aina. Wa Dar tunasema naomba chai, wa Kisumu anasema nipatie chai, wa Bujumbura anakuja na lafudhi yake tamu ya Kifaransa ndani yake, na tunaelewana.

Jioni waliandika maazimio. Sikuwahi kujua kwamba watu wazima wanaweza kugombania neno moja muda mrefu vile. Neno lililogombaniwa lilikuwa "wanufaika". Mama wa Kisumu alikataa kuitwa mnufaika. "Niiteni mpishi," akasema, "hiyo ndiyo kazi yangu." Akashinda. Azimio la kwanza likawa kwamba hakuna jiko wala mkaa wowote utakaosambazwa na vikundi vyetu katika nchi zote tano kabla haujapikiwa wiki mbili, kwenye nyumba na mabanda halisi, na kwamba wapishi ndio wa kwanza kusema umefaa au haukufaa, na mahali usipofaa paandikwe vilevile.

Nikaombwa nilisome mie. Nilisoma polepole, kidole kwenye mstari. Mwalimu alikaa mbele ananitazama kama siku ile ya darasa la tano niliposimama kusema jedwali la kuzidisha la saba, na nilipomaliza bila kukosea aliitikia kwa kichwa mara moja tu, kama zamani. Neno "endelevu" nilikuwa nikilisikia redioni miaka yote bila kulitilia maanani. Siku ile nililisoma kwenye karatasi nikalielewa kwa namna yangu: ni kitu ambacho wiki ijayo, wageni wameshaondoka na kamera hazipo, bado utakuwa unakitumia.

Asubuhi iliyofuata mie na mzee tuliwasindikiza wageni wa Kenya kituo cha mabasi cha Mbezi. Mama wa Kisumu alikuwa na begi moja na gunia moja. Kondakta alipolipapasa lile gunia akarudi nyuma.

"Mama, mkaa hapana. Mnanitafutia kesi barabarani."

"Si mkaa huu," nikasema.

"Dada, mie mkaa naujua."

"Huu ni vifuu vya nazi."

"Vifuu vimekuwaje vyeusi hivi?"

Mzee akasogea. Akafungua gunia, akatoa kidonge, akamwekea kondakta kiganjani, akaanza kumweleza kuanzia pipa mpaka uji wa muhogo. Alipofika kwenye mashine ya mkono abiria wengine walishashuka kusikiliza, dereva naye kazima injini. Kondakta akakinusa, akakigongesha kwenye bodi ya basi, akakigeuzageuza.

"Hata maharage kinaivisha?"

"Maharage ndiyo yenyewe," tukajibu wote watatu.

Gunia likaingia chini ya basi. Vidonge viwili vikaingia mfukoni mwa kondakta, alivyosema atakwenda kumwonyesha mama yake.

Baada ya wiki mbili simu ikaita, ikiwa ni yule mama, anacheka mpaka hasemi vizuri. "Dada, makaa yenu haina moshi hata kidogo! Samaki wangu wametoka weupe kama wamepakwa poda, hakuna mteja anayewataka!" Kwa samaki haukufaa, na aliliandika hilo kwenye ripoti yao, kama tulivyoazimia. Lakini ugali nyumbani kwake alikuwa anaupikia huo, na wenzake wa kikundi wakauliza kama mashine kama ile inaweza kushindilia magugu maji, yale yanayoziba ziwa lao mpaka mitumbwi haipiti.

Nikampelekea mzee swali hilo Kigamboni. Alifikiri kidogo, akasema hajui, itabidi ayashike kwa mkono wake. Hakuwahi kutoka nje ya nchi, wala kuvuka Morogoro. Kikundi kikamsaidia kupata hati ya kusafiria, binti yake wa Kibamba akamshonea suruali mbili, akaondoka na mashine yake imefungwa kwa kamba za katani.

Alikaa Kisumu wiki tatu. Magugu yalimsumbua, mara ya kwanza yalitoka kama matope, mara ya pili yakapasuka. Ya tatu yakashika. Alirudi amenenepa mashavu, ameleta samaki wakavu wa kumtosha kila mtu, na salamu nyingi mno kiasi kwamba alilazimika kuzisoma kwenye daftari. Alikula wali maharage bandani kwangu, sahani mbili, huku ananifundisha maneno ya Kijaluo aliyoyapata, na mengi nadhani alikuwa anayakosea.